Ungo Wangu ni wa Kupepetea Ulezi

Dar es Salaam, Jumanne

Mdogo wangu Yustina,

Pokea salamu zangu. Mgongo wako unaendeleaje? Na maji ya hapo Chanji yanatoka, au bado mnaviziana na ndoo? Mimi mzima, ila joto la huku linanichemsha kama kiazi, na moyo haujatulia. Barua hii nimeipakiza kwenye basi ikufikie kesho; soma mpaka mwisho kabla hujamwonyesha mtu.

Unakumbuka mjukuu wetu Fulgensi, huyu mwimbaji, alivyonipigia simu kwa sauti ya asali: "Bibi, njoo upumzike, na uje na ungo wako." Nikajiuliza, mtu anayekula chipsi asubuhi na jioni anataka ungo wa nini? Hata hivyo nikaja.

Kumbe nyimbo zake hazipigwi tena. Vijana wapya wamempita. Anashinda na simu, anaangalia nani kamtazama, anakunja uso. Nikamwambia, "Wimbo ukichacha, si upike mwingine?" Akasema, "Bibi, siku hizi wimbo peke yake hautoshi. Inatakiwa kiki." Kiki ndiyo nini? Eti ni jambo la kufanya watu wakutaje, kwa zuri au kwa baya, mradi wakutaje. Hapo nikaanza kulala jicho moja wazi.

Jumamosi akaja meneja wake, kijana anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Shikamoo haijui. "Mambo, bibi!" Nikamjibu, mambo yapo kwa wenyewe. Wakanikalisha uani nipepete ulezi mbele ya kamera. Nikapepeta vizuri, unanijua. Meneja akasema, "Usicheke, bibi. Tazama kwa hasira." Kisha msichana wa vipodozi akaja na brashi, anataka kunipaka wekundu kwenye kope. Nikamshika mkono. "Wa nini huu?"

Akacheka. "Si wewe ndiye bibi wa Sumbawanga uliyemfunga nyota mjukuu wako?"

Yustina, nilisimama, ulezi wote ukamwagika. Mimi! Niliyesimamia ubatizo wa watoto wa nusu ya mtaa! Fulgensi akanifuata jikoni. "Bibi, ni wiki moja tu. Wakishanitaja, tutasema ulikuwa utani."

"Na atakayenijia na panga kwa ajili ya haya macho mnayotaka kuyapaka wekundu wa kichawi, naye atasema ulikuwa utani? Umemsahau yule mama wa Mtowisa aliyechomewa nyumba? Yeye alisemwa kwa midomo tu, hakuna aliyempiga picha."

Akainama. Lijitu refu lile, lina hereni, likalia. "Wakinisahau, Bibi, nitakuwa nani?"

"Utakuwa Fulgensi. Kwani tulikuzaa na wimbo mkononi?"

Akafuta picha kwenye simu yake mbele ya macho yangu. Lakini sijazaliwa jana. Kamera ilikuwa ya meneja, na meneja aliondoka anatabasamu.

Kwa hiyo nenda kwa katekista leo hii, umweleze kabla simu za watoto hazijamweleza. Waambie na majirani. Picha ikifika huko, mtu asiseme hakuambiwa. Na usitafune maneno kwa kuona aibu. Aibu si yetu.

Ijumaa napanda basi. Nimemwambia Fulgensi twende wote, asimame mbele ya jumuiya aseme kwa kinywa chake kwamba bibi yake si mchawi. Meneja kamwambia akiondoka mjini sasa hivi, ndiyo kwisha habari yake. Tangu hapo anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, na jibu sijalipata.

Mwanangu, mama yake Fulgensi, msalimie, mwambie asianze kulia kabla sijafika. Shemeji yangu, mzee wako, mwambie mguu wake auweke juu, asibishe. Wajukuu wapige magoti nikifika, wasinirukie kama mbuzi.

Njoo stendi unipokee. Ukiona nashuka peke yangu, usiniulize kitu mbele za watu. Nipokee mzigo, twende nyumbani.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Skolastika