Aliyenisafishia Viatu

Jumamosi jioni, Machi 1974. Farsta.

Mvua ya theluji tangu asubuhi, ile isiyojua kama inataka kuwa maji au barafu. Nimekaa jikoni, kifundo cha mguu kimefungwa bendeji, na nimechukia. Naandika hivyo kwanza kabla sijaanza kutafuta maneno mazuri. Nimechukia.

Sina hata wa kumchukia sawasawa, ndiyo shida yenyewe.

Leo kocha alikuwa anachagua winga wa kushoto. Nafasi ni moja na sisi tuko wawili. Kuna mimi, fundi wa mabasi, mtu wa Tanga, umri unagonga mlango wa thelathini, misimu miwili nakalia benchi nikisubiri. Na kuna Colin, kijana wa Kiingereza wa miaka kumi na tisa, ambaye klabu yake ya huko kwao imetuazimisha mpaka kiangazi. Kocha alisema waziwazi kwamba atakayeng'ara kwenye mechi ya mazoezi ya leo ndiye atakayeanza ligi Jumamosi ijayo. Mimi alinivuta pembeni akaniongezea langu, kwa upole wao ule wa Kiswidi usiopandisha sauti, kwamba nisipopata namba mwaka huu afadhali nihamie timu ya wazee.

Timu ya wazee! Wanacheza Jumapili asubuhi na kunywa kahawa wakati wa mapumziko.

Kiingereza cha kocha ni cha kuombea chumvi tu, kwa hiyo tangu Colin aje mimi ndiye mkalimani wake. Kila jioni baada ya kazi nasimama katikati yao, huku Kiswidi, huku Kiingereza, namweleza kijana apite wapi, akimbie saa ngapi, amvute vipi beki. Yaani mimi ndiye ninayemfundisha mwenzangu namna ya kuninyang'anya namba. Jamani, kuna kazi duniani.

Na nisiseme uongo kwenye karatasi yangu mwenyewe: kijana anajua. Mguu wake wa kushoto una akili kuliko kichwa chake.

Lakini maisha yake sikuyaonea wivu. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano akaingia klabuni kama mwanafunzi wa mpira. Huko kwao mwanafunzi hufagia majukwaa na kupaka rangi vyoo, tena kila mmoja hupewa mchezaji mkubwa wa kumsafishia viatu. Timu ya kwanza ameichezea mara moja tu, aliingia mwishoni, mvua inanyesha, hakugusa mpira. Kiangazi klabu itaamua imweke au imwache. Wakimwacha, hana ufundi mwingine wowote mkononi. Hapa kwetu kipa ni tarishi wa posta na beki wa kati anauza vigae, sote tunafanya mazoezi jioni tukitoka kazini, na Colin bado haamini. Mchana hana wa kuongea naye. Huenda klabuni akajikalia kwenye chumba cha kukaushia nguo, kwa sababu kina joto.

Sasa nije kwenye leo.

Nilikuwa na zamu gereji, basi moja likagoma kuwaka, nikachelewa. Nimefika mbio, nikachukua viatu vyangu kwenye hicho chumba cha kukaushia, nikavifunga kamba mlangoni huku kocha ameshapuliza kipenga. Niliona vinang'aa kuliko nilivyoviacha. Sikujali. Nilihisi vimenipandisha juu kidogo, nikadhani ni baridi, miguu imekufa ganzi.

Uwanja wa nyasi bado umefungwa mpaka barafu iyeyuke, kwa hiyo tukacheza kwenye ule wa changarawe. Juu maji, chini barafu. Hapo huvaliwa viatu vyenye meno mafupi ya mpira, na mimi yangu niliyafunga mwenyewe tangu Januari.

Pasi ya kwanza ilinijia safi. Nikageuka, chali! Watu wakacheka, nami nikacheka. Ya pili nilibaki mimi na kipa peke yetu. Nikakita mguu wa kulia nipige na wa kushoto, ule wa kulia ukaondoka zake. Mpira ulikwenda maegesho ya magari, mimi nikaenda chini, kifundo kikalia kaa! Kocha akanitoa. Sikuwa hata nimetokwa na jasho.

Nikakaa kwenye benchi, nikageuza kiatu.

Meno ya chuma. Marefu, yale ya kuchimbia matope kwenye nyasi. Mtu amenifungulia yangu ya mpira na kunifungia haya.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mechi ilipokwisha Colin alikuja mbio kabla sijafungua mdomo, amekuwa mweupe kuliko theluji, anasema samahani, samahani, ni mimi. Nahodha wetu akasikia. Akamshika mguu akaugeuza watu wote waone: viatu vyake Colin vina meno ya mpira. Basi wote wakamkazia macho. Hata mimi nilimwona mwizi. Hasira zilinipanda, na kama mguu ungekuwa mzima ningemfanyia kitu cha kujuta.

Kocha akatuita ofisini, sisi wawili. Akaniambia kwa Kiswidi, taratibu, "Muulize kwa nini. Kama alitaka kukuharibia, kesho anapanda ndege."

Nikamuuliza. Colin akaeleza. Kwao kijana husafisha viatu vya mkubwa wake, na siku ya mechi humfungia meno kulingana na mvua. Hapa hakuna aliyempa mkubwa, akaona aibu kukaa bure, akajichagulia mimi, kwa sababu nacheza upande wake na kwa sababu nimemsaidia. Jana kulinyesha. Akajua mechi ni mechi, itachezwa kwenye nyasi kama kwao, akatufungia sote wawili meno marefu. Leo alipofika na kukuta ni changarawe alibadilisha vyake haraka haraka, na vyangu vikamtoka akilini mpaka aliponiona chini.

Nikamwelewa pale pale. Ilikuwa shikamoo yake. Nimekaa nchi hii miaka mitano, kila mtu anajisafishia chake na kujifulia chake, hakuna aliyewahi kuniamkia namna ile.

Kocha alikuwa ananitazama. Colin pia ananitazama, na Kiswidi hajui hata neno. Nilichotaka kukisema ndicho kingekuwa ukweli wa chumba kile. Neno moja tu, na winga wa kushoto anabaki mmoja, fundi wa mabasi. Nisijifanye mtakatifu: nililiweka lile neno mdomoni, nikalionja.

Nikamtafsiria kocha kila kitu kama kilivyosemwa. Hata ile ya aibu ya kukaa bure.

Kocha akatikisa kichwa, akatabasamu, akasema ameridhika. Nikamwomba anipe nusu nyingine Jumanne na viatu vyangu halisi. Akasema hapana, mguu wangu umevimba na ligi haingoji, na tena hapa mchezaji hukagua viatu vyake mwenyewe. Halafu akasema, "Mwambie ataanza yeye Jumamosi."

Mwambie! Mimi!

Nikamwambia. Kwa mdomo wangu, na kwa Kiingereza fasaha. Colin akaruka, akanikumbatia, karibu anivunje na mguu mwingine. Anacheka na machozi yanamtoka, anasema atampigia mama yake simu. Halafu akasimama ghafla, akaniuliza, "Na wewe utacheza wapi?"

Nikamwambia twende, treni itatuacha.

Musoke, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja, alikuwa amekuja kutazama, nikamsimulia yote. Njia nzima mpaka Farsta amenisema. "Wewe ni mutu wa namna gani? Mimi ningesema ndiyo, alifanya makusudi, na maneno imekwisha. Sasa ona, umempa mutoto kazi yako na juu yake umemtafsiria." Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Musoke amekimbia nchi yake na begi moja, hana subira na watu wanaoachia vitu vyao vichukuliwe. Sasa amelala kitandani na redio yake, kila wimbo ukiisha ananiuliza kama bado naumwa mguu au naumwa roho.

Vyote viwili, bwana.

Namkasirikia kocha kwa haki yake isiyo na huruma. Namkasirikia Colin kwa adabu yake. Najikasirikia mimi niliyeona viatu vinang'aa nikavifunga bila kugeuza. Misimu miwili ya kusubiri imekwisha kwa kuteleza mara mbili, na Jumamosi nitakuwa nimesimama pembeni na bendeji yangu, namfokea kijana kwa Kiingereza arudi kukaba.

Najiuliza swali moja tu, na chai imepoa nikiwa nalo. Ningejua tangu mwanzo kwamba kusema kweli kutampa yeye jezi, ningesema?

Nimelizungusha kila upande nikitafuta jibu jingine. Ningesema.

Na hilo ndilo linalonitia hasira mpaka sasa.