Mwili wa Mama Safaa

Jumatatu, 3 Juni 1996
Kliniki ya lishe imejaa, miguu inaniuma. Wa mwisho alikuwa Zainab — Mama Safaa, mwenye kibanda cha chakula karibu na kiwanda cha nguo, Ruiru. Picha ya tumbo inaonyesha ini limejaa mafuta. Daktari alimuuliza habari za pombe! Mwislamu, hajawahi hata kuionja. Nikamweleza ni unene, na viazi karai anavyoonja kutwa. Akacheka: mpishi mwembamba nani atamwamini? Nikampa mawaidha yale yale ninayowapa wote. Sukuma wiki, maharagwe, atembee, soda aache. Huwa hawarudi.

Alhamisi, 22 Agosti
Amerudi. Gauni linamning'inia. Kumbe ameshika kila neno, na damu inaonyesha ini linapata nafuu. Nusura nilie. Kazi hii haina furaha nyingi. Yeye hakufurahi — eti wateja wamepungua. Nikasema mwezi haujaisha, mishahara bado.

Ijumaa, 20 Septemba
Nimechoka kabisa. Mama Safaa amekuja bila miadi. Ruiru wanasema amekanyaga waya. Ukimwi, ndiyo maana anakonda. Hakuna anayetaka chapati ya mikono yake. "Sister, nirudishie mwili wangu." Nikaanza kueleza kwamba ukimwi hauambukizwi kwa chakula. Akanikata: "Si uwaambie wao." Nimeahidi kwenda kesho.

Jumamosi, 21 Septemba
Nilienda saa ya lunch. Benchi tupu. Wafanyakazi wote wa kiwanda wako kwa Gathogo, mwenye kibanda kingine ng'ambo ya barabara. Nikavuka, nikawaambia mimi ni wa hospitali, Mama Safaa ni mgonjwa wangu — mgonjwa! Wakatazamana. Mmoja akasema pole. Nilitamani ardhi inimeze.

Niliporudi, Mama Safaa alikuwa amejaza sahani. Viazi karai, chapati, nyama ya mafuta. Akakaa mbele kabisa, barabara yote imwone, akala.

"Mama, ini lako."

"Sister, leo niache tu."

Muasya, askari wa kiwanda, akavuka, akamtazama akila. Kisha akakaa, akaagiza. Nikaona nafuu, Mungu anisamehe. Wakaja wengine. Mama Safaa akajipakulia tena.

Bado anatafuna, akaniinamia na kuniuliza polepole aje lini tena. Benchi lilikuwa limejaa, wote wanasikiliza. Nikashindwa kutaja kliniki mbele yao.