Si Masaa Matatu, Mama

Kwako mama mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, ingawa najua wiki nzima unashinda kwenye benchi la hospitali. Mimi mwili hauna neno. Nimeandika kwa mkono na kuipiga picha ili dada akusomee leo hii, maana kwenye simu nikisikia sauti yako maneno yananikaukia. Asiruke hata mstari.

Kazi ni ileile ya kufua mablanketi ya ndege. Yanakuja kwa matoroli, natoa vijiko na soksi za watu, naingiza kwenye mashine, nakunja. Mwenzangu wa mashine ya pili, tunayemwita Profesa kwa kuwa hajui kitu na anabishia kila kitu, anakusalimu sana.

Jana dada alinieleza kuwa baba anatakiwa kupasuliwa kesho asubuhi, na kwamba daktari amesema kuchelewa ni hatari. Akanieleza pia kuwa baba amegoma kusaini fomu ya kukubali upasuaji mpaka anione. Eti amewaambia manesi kuwa mwanawe yuko masaa matatu tu kwa ndege, na wewe umemuunga mkono. Niliketi juu ya rundo la mablanketi machafu nikalia mpaka msimamizi akaja kuuliza kulikoni.

Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya vibali kuomba pasipoti yangu, niliyoiwasilisha nipate kibali kipya. Karani, mtu mpole tu, aliniambia imeshapelekwa makao makuu na haitarudi kabla ya wiki tatu. Nikamweleza habari za baba. Akasema anasikitika, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Hata ningekuwa nayo mfukoni nisingewahi, na hapa ndipo ninapokuomba radhi. Siku ile naondoka ulishika mkanda wa begi langu ukaniuliza huko ni mbali kiasi gani. Niliona bila jibu jepesi hutauachia. Nikasema masaa matatu. Nilikudanganya, mama. Ni kilomita zaidi ya elfu tisa. Ndege ya kwanza masaa tisa, kisha unasubiri masaa sita kwenye viti vya chuma, ndipo unapanda ndege ya pili, masaa matano. Masaa ishirini, na hapo bahati imekupenda. Ndege ya leo imeshapaa.

Najua miaka hii minne umejiuliza ni mtoto gani huyu, masaa matatu yanamshinda. Nilikuacha uniwazie hivyo, kwa sababu niliona aibu kusema.

Mweleze baba yote. Akinikasirikia ni haki yake, lakini asaini leo jioni. Mimi siji, mama. Asiendelee kuangalia mlango.

Msalimie dada, mwambie asante kwa kusoma. Kesho wakimwingiza baba, nishikie mkono wake mpaka pale watakapokuzuia.

Ni mimi,
kifungua mimba wako