Khabari ya Kumfikishia Asya

Jumamosi, 5 Septemba 1998

Nimegonga mihuri mpaka kiganja kinauma. Barua iliyoingia, daftari, faili. Barua nyingine. Wiki ya tano sasa tangu nirudi kwenye meza yangu ya zamani hapa afisini, Muscat. Ukarani ule ule. Nyumbani wanadhani nafanya kazi ya likizo. Baba anawaambia watu msikitini, "Huyu wangu hata likizo hapumziki, anakwenda kuwasaidia afisini." Anasema kwa fahari. Mimi natazama chini.

Ukweli niuandike hapa tu. Nimeanguka mwaka wa kwanza mara mbili. Chuo kikuu kule Glasgow kimenifukuza tangu Juni. Afisi iliyonipeleka imenirudishia kalamu yangu. Barua ya kufukuzwa iko kwenye droo, chini ya karatasi za kaboni. Nimeisoma mara moja.

Jana mama aliniuliza mbele ya wageni narudi lini masomoni. Nikasema tarehe mbili Oktoba. Imenitoka tu. Hakuna tikiti. Hakuna kitu.

Alkhamisi, 10 Septemba

Bi Zuwena, jirani yetu, kaja alasiri. Binti yake, Asya, anasomea ufamasia huko huko Glasgow, na hajarudi nyumbani tangu mwaka juzi. Nilidhani kaleta halua ya kumpelekea. Mikono mitupu. Akamwomba mama atuachie nafasi.

Mumewe, Mzee Hamed, ana saratani ya ini. Daktari kasema miezi, pengine hata haifiki. Asya hajui. Kila Ijumaa akipiga simu anaambiwa babake ana mafua, kalala.

"Khabari kama hii haisemwi kwenye simu," alisema. "Mtoto yuko peke yake chumbani, nani atamshika? Nnakupa wewe amana, mwanangu. Ukifika tu, mkalishe kitako, mwambie taratibu, umpandishe ndege aje amuone babake."

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Nikasema inshallah.

Ijumaa, 11 Septemba

Sikuisikia khutba. Nilikuwa Glasgow.

Niliogopa tangu wiki ya kwanza. Sikuwa namwelewa mwalimu, mimi niliyekuwa wa kwanza kwa Kiingereza skuli nzima. Lafudhi yao. Kasi yao. Siku moja akaniita ubaoni. Hesabu yenyewe niliijua. Nilisimama na chaki mkononi mpaka mtu akacheka, wala si kwa ubaya, nikarudi kukaa. Kesho yake sikwenda. Wiki iliyofuata sikwenda. Kufika Novemba, saa kumi jioni giza limeshaingia nami bado niko kitandani na koti langu. Jumapili napiga simu nyumbani. Baba anafungua spika wote wasikie, nawasimulia masomo ya wiki nzima. Nilikuwa nayasoma kwenye ratiba.

Mwaka wa pili hivyo hivyo. Siku ya mtihani nilifika mpaka mlangoni. Nikaviona viti vilivyopangwa. Nikageuka.

Asya alikuwa akiniletea pilau kwenye kibakuli na kuniuliza masomo vipi. Hata yeye nilimdanganya.

Jumanne, 15 Septemba

Sanduku liko wazi katikati ya chumba changu. Mama ametia papa mkavu, bizari, soksi za sufu. Mtaa mzima umeshajua safari. Kila anayeingia anaacha kitu kwa mtoto wake au mtoto wa nduguye, kimefungwa vizuri, kimeandikwa jina. Leo vimefika sita. Navipokea. Nasema nitafikisha.

Naogopa kila mlango ukigongwa.

Jumamosi, 19 Septemba

Nimemkuta Bi Zuwena ananingoja nje ya geti. Daktari kabadilisha maneno. Sasa anasema wiki.

"Huwezi kutangulia? Hata kesho kutwa?"

Nikamwambia tikiti haibadiliki. Utaratibu hauruhusu. Nimelisema kwa sauti ile ya afisini, naye akaitikia kwa kichwa kama wanavyoitikia watu dirishani kwetu. Akanishukuru. Naona haya kuliandika hilo.

Jumatatu, 21 Septemba

Baada ya kazi nilikwenda mpaka Ruwi kutafuta simu ya kadi, nisionekane na mtu wa mtaani. Nikampigia Asya. Maneno nilikuwa nimeshayaandika kwenye karatasi. Sentensi nne.

"Nassor? Umeshafika? Njoo basi Jumapili. Nna samaki mzima, nnamla peke yangu kama paka."

Nikasema bado niko Muscat. Akauliza kama mafua ya baba yamekwisha. Nikasema yanakwisha.

Simu ikakatika. Hapana. Niliikata mimi.

Alkhamisi, 24 Septemba

Baba kanichukua kwenda kumtazama Mzee Hamed. Amekuwa mdogo. Macho ya manjano, mikono mikavu. Akanitania kwa sauti ambayo ilibidi niinamie nisikie. "Injinia, huko kwenu baridi bado inauma masikio?" Nikasema inauma. Kisha akanishika kidole. "Asya mwambie nnataka kumuona. Usimwambie mafua."

Baba alinipiga bega kidogo, kwa fahari. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya gari. Nikasema ni joto.

Zimebaki siku nane. Nikinyamaza, binti hatamuona babake. Nikisema, baba yangu atajua. Nimezipima hizi mbili kama vile zinalingana. Hazilingani. Najua. Bado nimenyamaza.

Jumapili, 27 Septemba

Wafula kaja kutengeneza mashine ya fotokopi. Ni Mkenya, fundi, na ni mmoja katika wachache wanaojua kuwa sirudi Glasgow. Kwa kawaida hanipi nafasi. "Profesa, mimi na wewe tutazeekea hapa. Yallah, shika tochi." Leo alinitazama, akaacha utani. Nikamwambia yote. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu hamjui mama.

Akafuta wino mikononi kwanza, pole pole.

"Babangu alikufa nikiwa hapa. Waliniambia baada ya wiki tatu. Eti hawakutaka niharibu kazi. Nikienda nyumbani mpaka wa leo siwezi kuwaangalia vizuri. Enda umwambie mama ya huyo msichana. Si kesho, bwana. Leo."

Niliomba ruhusa nikatoka.

Bi Zuwena alikuwa anapeta mchele. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nimefukuzwa. Tikiti haipo. Haijawahi kuwapo. Hakulia wala hakunitukana. Aliweka ungo chini, akaenda kwenye simu. "Simama hapo hapo. Usiondoke."

Nikasimama. Nikamsikiliza akimwambia mwanawe, neno moja moja, kile alichotaka aambiwe na mtu aliye karibu naye. Ukelele wa Asya ulitoka kwenye mkono wa simu ukanifikia mimi mlangoni.

Amepata ndege ya Jumanne.

Magharibi nikawaambia baba na mama. Baba aliinuka akaenda kutawadha, na udhu alikuwa nao. Mama akaingia chumbani kwangu, akaanza kutoa vifurushi vya watu sandukuni, akisoma majina.

Jumatatu, 28 Septemba

Mzee Hamed kafariki saa nane mchana. Tumemzika baada ya Magharibi. Ndege ya Asya ni kesho.

Baba hajanisemesha. Baada ya maziko alibaki msikitini. Nilimwona kupitia dirishani akimwendea mtu mmoja mmoja, na nikamsikia: Mwanangu alianguka masomo, amerudi kwenye ukarani, nilichokuwa nawaambia si kweli, nilikuwa sijui. Akimaliza mmoja anamwendea wa pili. Watu wakimshika mkono.

Bora angenipiga.

Jumatano, 30 Septemba

Asya kafika asubuhi. Nilikuwa nje napanga viti vya matanga. Akanijia moja kwa moja, begi bado liko begani.

"Ulijua tangu lini?"

Tarehe kumi.

"Na siku ulonipigia?"

Nilijua.

Nikaona midomo yake inahesabu. Siku kumi na nane. Angekaa naye zaidi ya wiki mbili. Angemlisha, angemsomea. Akaingia ndani kwa wanawake.

Sina la kuongeza. Mimi ndiye niliyefanya.

Jumamosi, 17 Oktoba

Asya karudi Glasgow leo. Baba alimwahidi Bi Zuwena kuwa nitampeleka mimi kiwanja cha ndege. Hakuniuliza.

Tulitoka kwetu Khuwair, tukapita Azaiba. Barabara ilikuwa tupu, jua lilikuwa halijapanda sana. Nikamwuliza nipandishe kioo. Akasema kiache. Tulipokaribia kipilefti cha kiwanja cha ndege akasema, huku anatazama nje:

"Mama anasema nikusamehe, kwa sababu ulikuja kusema mwenyewe. Mimi bado, Nassor. Usiningojee."

Nikasema sawa.

Nikafungua buti. Begi alilitoa mwenyewe, akalibeba mwenyewe. Kwenye mlango wa kioo akasimama kutafuta pasi yake, akaipata, akaingia. Nilikaa garini mpaka askari akanigongea niondoke.

Kazini nimechelewa. Kitabu cha mahudhurio kiko mlangoni. Anayechelewa huandika saa moja na nusu kama wenzake, hata mkuu wa sehemu anajua, hakuna anayeuliza. Nikatazama saa ya ukutani. Nikaandika saa tatu kasoro robo, nikaenda kukaa.