Gramu Zangu Zinampeleka Mama Mkwe Hospitali

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho. Mimi nipo kaunta ya vifurushi posta, mwaka wa tisa huu, mizani naijua nje ndani, na mama mkwe wangu ndiye mpishi wa keki ya ukoo, sasa mwezi uliopita akaniandikia vipimo vyake ili na mimi nijifunze, unga vikombe vitatu, sukari kimoja na nusu, kakao nusu, nami nikaona mambo ya vikombe ni ya kizamani, nikatazama jagi langu la kupimia maji, limeandikwa kikombe ni mililita mia mbili na hamsini, nikajiambia basi ni gramu mia mbili na hamsini, nikageuza vyote kwa hesabu hiyo, unga ukawa gramu mia saba na hamsini, nikaandika kwa mwandiko mzuri nikabandika kwenye friji.

Keki ikatoka ngumu, shemeji yangu aliing'ata akashika taya. Nikapika tena, yale yale. Mume wangu akauliza kulikoni, nikaropoka kwamba labda mama amekosea kuniandikia. Mshauri, nilisema labda! Lakini wifi yangu akaidaka akatia chumvi, akakumbusha jinsi mama alivyotafuta miwani nyumba nzima kumbe kaivaa, na mama wa watu badala ya kubisha akasema taratibu, "Huenda kweli, wanangu, kichwa kimechoka," na tangu siku hiyo hajagusa oveni, na Alhamisi mume wangu anampeleka hospitali kupimwa kumbukumbu.

Sasa juzi, kwa udadisi wangu tu, nikajaza kikombe kimoja unga nikakipima. Gramu mia na ishirini na tano! Kumbe nimekuwa nikitia unga maradufu. Ndiyo maana nauliza, nikinyamaza, na daktari akamkuta mzima, si mambo yatajiishia yenyewe bila mimi kuaibika?

Ni mimi, Mkwe wa Posta

Wewe Mkwe wa Posta,

Nimecheka, nisamehe, hapo kwenye taya nilishindwa. Nilipofika kwa mama wa watu kicheko kikakata.

Hebu niambie. Watu wawili wakikuletea maboksi ya ukubwa mmoja, moja la pamba na moja la misumari, unayaandikia uzito mmoja? Thubutu! Sasa unga umekukosea nini? Gramu za jagi lako ni za maji, dada. Kikombe hicho hicho cha sukari kina kama gramu mia mbili, unga mwepesi zaidi, na kakao nyepesi kuliko unga. Ukiushindilia unga kwa kijiko unabadilika tena. Miaka tisa kwenye mizani, ukaogopa kupima kikombe kimoja!

Na huo ujanja wako wa kunyamaza haufai hata kidogo. Daktari akisema mama ni mzima, wifi yako atasema basi alikuandikia vipimo vibaya makusudi. Umemtoa kwenye usahaulifu ukamtia kwenye uchawi. Hapana, bibie.

Fanya hivi. Beba mizani yako, unga, sukari na kakao, nenda kwa mama mkwe. Mwombe ajaze kikombe chake mwenyewe, kwa mkono wake, asawazishe juu kwa kisu kama alivyozoea, na namba aisome yeye. Kila kitu kipimwe peke yake, unga mara tatu, uandike mbele yake. Halafu mpigie mume wako hapo hapo, mama akisikia, useme: "Mama yako alisema kweli. Aliyekosea ni mimi." Bila labda! Kwa wifi utasema hivyo hivyo, na akikutania vumilia, umeyataka.

Lakini usingoje hadi Jumatano, kesho yake hospitali. Nenda leo. Wewe unaona haya, yeye anaogopa. Kila saa unayochelewa, mtu mwenye akili zake timamu yuko peke yake nyumbani, anarudi jikoni mara ya tatu kuangalia kama amezima jiko.