Mlango wa Nyuma wa Mzee Nakataa

Lemi, ndugu yangu,

Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, hapa kwenu Koboko, naandika juu ya goti kwa sababu meza hakuna. Usicheke mwandiko. Ulikuwa unasema mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye unga wa muhogo. Leo kuku mwenyewe anatetemeka.

Mjukuu wangu yuko ndani. Letaru, yule uliyempakata akakukojolea shati la kanisani. Ana surua. Ayikoru binti yangu amemshika tangu jana, na mimi hanisemeshi. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwandikia ningemwandikia huyo. Lakini ninayemhitaji ni mmoja tu, naye amelala chini ya simiti nyuma ya nyumba yake.

Tangu tukuzike, redio haijakuacha upumzike. Meneja alisema wasikilizaji wanakulilia, basi wakaanza kurudia michezo yetu ya zamani. Mimi Daktari Polepole, wewe Mzee Nakataa. Unakumbuka tulivyoanza? Walitaka mchezo mfupi wa kuwafundisha watu habari za chanjo, kwa Kiswahili chetu hiki cha sokoni na cha jeshi, ambacho Mlugbara, Mkakwa na mfanyabiashara wa kutoka Juba wote wanakiharibu sawasawa. Mimi nikapewa maneno yote ya maana. Wewe ukapewa kukataa tu. Nilirudi nyumbani Arua nikamwambia mke wangu kwamba nimekushinda.

Haukupita muda mrefu, nikawa nikikatiza Onduparaka watu wametoka kwenye mpira, wananizunguka. "Dakitari, Mzee iko wapi?" Hakuna aliyewahi kuuliza daktari yuko wapi. Watoto walikuwa wakiambiwa wakaoge wanajibu kwa sauti yako: "Mimi nakataa. Sababu sina, lakini nakataa." Na wahudumu wa afya walipobisha hodi mchezoni, ulivyokuwa ukipiga kelele: "Mama watoto, funga mlango!" Mke wako wa mchezoni hakuwa na jina wala sauti. Alikuwa mlango tu. Na mlango wenyewe ulikuwa kabati la chuma la studio. Mimi, daktari, ndiye niliyekuwa nikilibamiza kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia umeshika karatasi ya nasaha zangu. Kila wiki najifungia nje mwenyewe, na wewe unaziba mdomo usicheke hewani.

Sasa sikia. Mtu fulani, hatumjui, amekata kipande cha mchezo. Ni pale unaposema, "Hii sindano iko naua watoto. Mimi nakataa." Mchezoni mimi nakuuliza ni nani aliyekuambia, na wewe unajibu, kwa ile sauti ya mbuzi aliyeshiba, "Nimeota." Watu walikuwa wanaanguka chini. Kipande chao kinaishia kabla sijauliza. Miaka yote ulinitania kwamba mtu anaweza kunikata mchezoni na asikose kitu. Wamenikata, Lemi. Tazama.

Wakaandika chini yake kwamba huyu ndiye mzee aliyesema ukweli, ndipo akachomwa sindano kwa nguvu, akafa. Wewe uliyeanguka uani ukinawa uso, kwa presha ambayo dawa yake ulikuwa unameza siku ulizokumbuka. Kipande kikapita simu kwa simu. Kikapita soko la Koboko, kikaingia kwenye kundi la wanakwaya wa Manibe, kikafika Aroi, ambako dada yangu alinitumia mimi mwenyewe, mwenye mchezo, akiniambia nijihadhari.

Kisha surua ikaja. Ilianzia upande wa mpakani, tukasikia mtoto mmoja, halafu wengine. Wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba. Watu wakafunga milango. Wengine walifunga wakicheka na kusema maneno yako. Kicheko hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Mtu mwenye hasira unaweza kubishana naye.

Na mmoja wa waliofunga alikuwa Ayikoru.

Nilikuja Koboko nikakaa kwenye duka lake la vitenge mchana kutwa, nikamweleza. Unanijua nikieleza. Mteja mmoja alisinzia juu ya vitambaa. Ayikoru alisubiri nimalize, akasema, "Baba, najua ilikuwa mchezo. Lakini mtu hawezi kuigiza vile kama hakuna kitu anajua." Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ulizowahi kupata, ndugu yangu. Nilipanda gari la kurudi Arua nikiwa nimeibeba kama jiwe. Nilikuja tena. Nilimwomba. Safari ya tatu nilipiga magoti kwenye sakafu ya duka, mzee mzima, na kitambi hiki. Akanishika mkono, akaniinua, akalia. Lakini mtoto hakumtoa. Aliogopa, Lemi. Aliogopa kumuua mtoto kwa mkono wake mwenyewe, na sauti iliyomwogopesha ni ile aliyoipenda tangu utotoni.

Nikamwendea Asiku, fundi wetu wa mitambo. Nikamwambia atafute kwenye kanda zote mahali uliposema "nakubali." Mara moja inatosha, tutaikata tuitume kwenye simu kama wao. Alitafuta. Haipo. Uliifanya kuwa kanuni yako, kwamba Mzee hatakubali hata chai. Asiku akasema si neno, siku hizi kompyuta inaweza kuichukua sauti ya marehemu ikamfanya aseme lolote. Nakuambia kweli, nilitaka. Ningekufanya uimbe kama ingebidi.

Lakini nilisema kwanza nimuulize mwenye mali. Mama Poni, mkeo, alikuwa anatwanga karibu na kaburi lako. Alinisikiliza bila kuacha mchi. Mwisho akaniambia, "Huyu mutu iliongea yake, ikamaliza. Muache ilale. Mimi ndio bado kuongea."

Sikumwelewa. Miaka yote nimekula ugali wa mihogo wa mwanamke yule, na sikumwelewa, mpaka alipokuja mwenyewe studio Arua, amevaa kitenge cha kilioni, akaketi kwenye kiti chako. Meneja alikuwa ameandaa maneno. Akayasukuma pembeni. Nakuandikia kama alivyosema, maana hukumsikia.

"Mimi ni mama watoto. Munanijua, mimi ndio yule wa mlango. Mzee anasema funga, mimi nafunga ya mbele. Halafu nabeba mtoto, napita mlango ya nyuma, naenda kituo. Watoto yote ilichanjwa. Mzee iko mbele, iko napiga kelele, hajui."

Asiku alishika kichwa kwa kucheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu sauti yake ikabadilika, mchezo ukaisha hapohapo hewani. Akasema kwamba bwana wake halisi alikufa kwa presha, hakuchomwa na mtu. Akasema watoto wenu wewe mwenyewe ndiye uliyewapeleka, na kwamba siku mwanenu Poni alipochanjwa, nesi alimpa pole baba kabla ya mtoto. Akainuka kitini. Asiku akanipa ishara nibamize kabati, kama tunavyomaliza kila mara. Sikulibamiza.

Ayikoru alisikia. Alikuwa dukani, Letaru mgongoni, na homa ya mtoto ilikuwa inamuunguza mgongo. Macho ya mtoto yalikuwa yameshakuwa mekundu tangu asubuhi ile. Yaani walisikia pamoja, mama na mtoto na ugonjwa.

Nilipofika wodini alinitazama mara moja tu. Akaniuliza, "Baba, ni kweli aliwachanja wake?" Nikasema wote. Akasema, "Mbona hamkuniambia hiyo?"

Lemi, nijibu wewe. Tulisema kila kitu. Nilieleza surua inavyopita hewani, nikaeleza kinga ya mwili, nikaeleza ratiba. Ungenipa saa nzima ningeeleza na majina ya mishipa. Hicho kidogo, kwamba Mzee Nakataa alisimama mstarini na wanawake huku amefumba macho, tuliona kitaharibu mchezo.

Hajaniuliza kingine tangu hapo. Amekaa amempakata mtoto, anahesabu pumzi kwa midomo bila sauti. Letaru anapumua kama mtu anayevuta kitu kizito kutoka kisimani. Nesi anapita, anamgusa, anaandika, anapita. Nimemuuliza nikiwa nimeshika kofia. Amesema tungoje. Mimi niliyezoea kuwaambia watu wangoje.

Na kuna jambo linanipasua, nataka ulijue. Ng'ambo ya benchi hili kuna kibanda cha chanjo. Tangu asubuhi wanawake wanakuja. Wengine wanatoka mbali, vumbi hadi magotini. Na wanataniana. Bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni amefika akamuuliza mhudumu kwa sauti kubwa, "Mlango ya nyuma iko wapi?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Aliyefuata naye akauliza vilevile. Sasa ndiyo nywila yao. Kibanda chenyewe hakina mlango hata mmoja, ni nguzo na turubai tu. Nimewatazama watoto wa watu wakilia mmoja baada ya mwingine, vilio vizuri vya watoto wazima, na nyuma yangu dirishani kuna mmoja ambaye hana nguvu ya kulia. Nimefurahi na nimetaka kuwapiga mawe. Ungekuwepo ungejua cha kusema. Ungesema upuuzi wowote, na mimi ningeweza kusimama.

Ayikoru ametoka mlangoni sasa hivi. Amenyoosha mkono tu, kuniita. Sijui ni wa habari gani. Sijamaliza, lakini nakwenda.

Basi nikuage kabla sijajua, kwa sababu nikishajua huenda nisiweze. Michezo yako sitaizima, watu wanakupenda na mimi nakupenda. Ila nakuahidi: kila unapopiga kelele redioni, mkeo atatoka nyuma yako na kusema yake, mpaka meno yatuishe sote. Nimeshakubaliana na Mama Poni. Daktari atapunguza maneno. Na Letaru, kwa miguu yake au mikononi mwangu, nitamleta kwako.

Lala, ndugu yangu. Ukisikia hatua hapo nyuma ya nyumba, usiulize ni nani. Ni sisi tunapita na watoto.

Adiga wako