Namna ya Kumtembeza Komando

Jovin mwanangu,

Nimevuka Kigamboni kwa mama yako mdogo Hyasinta, mgongo umemkaza tena. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitalala hukohuko. Wali umo kwenye hotipoti.

Ukitoka dukani umtembeze Komando. Jina ulimpa wewe, lakini leo asubuhi mkokoteni wa marobota ulipopita tu, hicho kitoto chako cha mbwa kililala barabarani kikitetemeka. Nikavuta kamba, akagoma. Bi Zulekha wa ghorofa ya chini, ambaye hamsogelei kwa ajili ya udhu wake, akaniambia kwa mbali, "Mama Jovin, mtoto akiogopa haburutwi. Mwongeleshe."

Basi nikamwongelesha. Nikamweleza habari za maji kukatika, za goti langu, za marehemu baba yako. Akainuka! Tukauzunguka mtaa wote kamba imelegea. Tuliporudi sauti ilikuwa imenikauka, maana ni siku nyingi sijaongea hivyo.

Kwa hiyo usimvute. Bi Zulekha akipita, mbwa akae upande wa ukutani. Na simu uiache nyumbani, kwa sababu ukinyamaza tu anakaa chini.

~~Ulisema unaniletea mbwa ili nisikae peke yangu.~~

Ukikosa la kumwambia, msimulie dukani kulikuwaje, umekula nini, nani kakuudhi. Ni hayohayo ninayokaa kuyasubiri kila jioni ukiingia.

Mama yako